Tarehe ya Mpiga Gitaa wa Aston

Mji wa Birmingham, ulio katikati ya Uingereza, mbali na bahari na mbali na majumba ya wafalme, ulipata jina lake duniani kwa kazi ya mikono. Kwa muda wa karne mbili na zaidi mafundi wake walifua misumari, vifungo vya nguo, kalamu za chuma, bunduki, kufuli na vito, na ilipowadia karne ya 20 wakaunda motakaa na vipuri vyake, hata mji ukalakabiwa mji wa kazi elfu moja. Kila mtaa ulikuwa na karakana zake, na kila karakana ilikuwa na mashine yenye mlio wake, ambao mtoto wa mtaani aliuzoea kabla hajajua kusema. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, mabomu ya Wajerumani yalikuwa yameacha magofu mahali pengi, na watoto wa wafanyakazi wakayafanya magofu hayo kuwa viwanja vya michezo yao. Katika mji wa hali hiyo alizaliwa, tarehe 19 Februari 1948, Anthony Frank Iommi, ambaye ulimwengu wa muziki humwita Tony. Na makala haya yanakusudia kusimulia jinsi kijana huyo wa viwandani alivyokuja kuwa mwasisi wa namna nzito ya muziki wa roki, na kuonyesha kwamba sauti aliyoileta haifahamiki sawasawa mpaka ifahamike kwanza kazi ya karakana iliyoizaa.

Wazee wake walitoka katika jamaa za Kitaliano zilizohamia Uingereza, naye alikuwa mtoto wao wa pekee. Familia ilikuwa na duka dogo katika barabara ya Park Lane, mtaa wa Aston, mtaa wa wafanyakazi uliojulikana zaidi kwa timu yake ya mpira, Aston Villa. Katika ukoo wao kodiani ilikuwa ala ya nyumbani, na mtoto alijifunza kuipiga ingawa moyo wake ulitaka ngoma. Lakini ngoma ina kelele, na nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo ilipofika miaka ya ujana akageukia gitaa, akiongozwa na kundi la Shadows na mpigaji wake Hank Marvin, ambaye wakati ule vijana wa Uingereza wote walimwiga. Shuleni, katika barabara ya Birchfield, darasa moja nyuma yake alikuwapo mvulana mcheshi, mtoto wa fundi wa vyuma, jina lake John Osbourne. Wawili hao hawakuwa marafiki, wala hapakuwa na mtu aliyewadhania kwamba wangekuja kula mkate mmoja.

Jambo moja linafaa kuelezwa mapema, kwa sababu lote litakalofuata linalitegemea. Tony Iommi hutumia mkono wa kushoto, na mpiga gitaa wa namna hiyo hulishika gitaa kinyume cha wenziwe: mkono wa kushoto ndio upigao nyuzi, na wa kulia ndio ubanao nyuzi juu ya shingo ya gitaa. Ubanaji huo ndio elimu yenyewe ya ala hii. Vidole vinne hugawiana kazi ya kutafuta sauti, na ncha zake, zilizokomaa kwa mazoezi hata ngozi ikawa ngumu, ndizo zinazohisi uzi umebanwa vya kutosha au la. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, jeraha la mkono wa kulia hulemaza upigaji. Kwa Iommi jeraha la mkono huo lilikuwa na uwezo wa kumnyang'anya gitaa lote.

Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa akifanya kazi ya kuunga vyuma katika kiwanda cha mabati, na jioni akipiga muziki na makundi ya mjini. Kundi moja lilimwalika kusafiri nalo kwenda Ujerumani, na kwa ajili ya safari hiyo akaaga kazi. Siku yake ya mwisho, alipokuja nyumbani kwa chakula cha mchana, hakutaka kurudi kiwandani, kwani kazi ya nusu siku kwa mtu anayeondoka ilikuwa na faida gani. Bali mama yake, aliyelelewa katika adabu ya kwamba kazi iliyoanzwa haina budi kumalizwa, akamhimiza arudi akaimalize siku yake kwa heshima. Alirudi. Mfanyakazi aliyekata na kukunja mabati kabla ya kumfikia yeye hakuja siku hiyo, kwa hiyo Iommi akawekwa mbele ya mashine kubwa ya kubana chuma, ambayo hakuwa ameizoea. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, naye kwa mshtuko akauvuta, na ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki nyuma. Vipande hivyo vililetwa hospitalini baadaye, vikiwa vimekwisha kuwa vyeusi, na waganga wakasema hakuna la kufanya. Tena wakamwambia asahau gitaa.

Tangu msiba huo ulipojulikana, wasimuliaji wengi wamependa kuupamba, wakisema kwamba Mungu alimtwalia vidole ili amjaalie sauti, na kwamba laiti mashine isingalishuka, muziki mzito usingalizaliwa. Maneno hayo ni matamu lakini hayana insafu. Mashine za Birmingham zilikata vidole vya watu wengi kabla ya Iommi na baada yake, na wengi wao walirudi nyumbani wakiwa na mkono pungufu na bila ya kitu kingine. Ajali haifundishi mtu kazi. Yanayostahili kuandikwa ni mambo aliyoyatenda kijana huyo katika miezi iliyofuata, na watu waliomsaidia kuyatenda.

Wa kwanza miongoni mwao alikuwa msimamizi wake wa kiwandani. Mzee huyo alikwenda kumtazama akiwa mgonjwa, akiwa amechukua santuri, akamtaka aisikilize. Iommi, aliyekuwa katika majonzi, hakuwa na hamu ya kusikia mtu mwingine akipiga gitaa, lakini mgeni alishikilia. Santuri ilipokwisha kuchezwa ndipo akamweleza kwamba mpigaji aliyekuwa akimsikia alitumia vidole viwili tu kubana nyuzi. Mpigaji huyo alikuwa Django Reinhardt, wa jamii ya Waroma wahamaji, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 na kukulia viungani mwa Paris, ambaye mwaka 1928 gari lake la kuishi lilishika moto, ukamwunguza hata vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vikakakamaa. Naye akajifunza upya, akawa mpiga gitaa mkuu wa jazi katika Ulaya nzima. Msimamizi alikuwa amefanya kitendo kidogo, gharama yake ni santuri moja na safari ya jioni moja, lakini katika maisha ya mtu aliyekwisha kukata tamaa kitendo hicho kilizidi dawa zote za hospitali.

Kulikuwa na njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni kugeuza gitaa na kuanza upya kwa mkono wa kulia, ili mkono mzima ndio ubane nyuzi. Iommi aliitazama njia hiyo akaiona ndefu, kwa sababu alikuwa amekwisha kutumia miaka kadhaa kujifunza kwa mkono wa kushoto, wala hakuwa na subira ya kurudi kuwa mwanafunzi. Akachagua kutengeneza vidole. Alichukua chupa tupu ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga iwe donge. Kisha kwa chuma cha moto kitumiwacho kulehemu akatoboa donge hilo tundu la kutosha kuingia kidole, akalipunguza kwa tupa, akalisugua kwa msasa saa nyingi hata likapata umbo la ncha ya kidole, mithili ya kastabini ya mshonaji. Alipojaribu, plastiki iliteleza juu ya uzi na haikushika. Akatafuta ngozi, akakata kipande cha koti lake kuukuu, akakigandisha juu ya kastabini, akakisugua mpaka kikawa laini kiasi cha kuteleza palipotakiwa kuteleza na kushika palipotakiwa kushika. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo wa kutengenezewa kastabini na mafundi wa viungo bandia, bado alizivika ngozi ya koti lile lile, kwa kuwa hakupata ngozi nyingine iliyomtii vile.

Hata hivyo kastabini haina hisia. Ncha ya kidole hai humwambia mwenyewe kwamba uzi umegusa chuma cha shingo, lakini plastiki na ngozi havimwambii kitu. Kwa hiyo Iommi hakuwa na budi kujifunza kubana kwa kusikiliza, akiyaacha masikio yafanye kazi ya ngozi iliyopotea. Tena nyuzi za gitaa za wakati ule zilikuwa nene na ngumu, zikimwumiza vidole vilivyobaki vigutu, naye alipowaomba watengenezaji wamfanyie nyembamba, walimjibu kwamba bidhaa hiyo haitapata mnunuzi. Akafunga nyuzi za banjo katika gitaa lake, mpaka kiwanda kimoja cha Wales kilipokubali kumtengenezea nyuzi alizozitaka. Na nyuzi nyembamba, ambazo wafanyabiashara walidhani hazina soko, leo zimejaa katika kila duka la ala za muziki.

Upungufu huo ulibadili na mpangilio wa sauti wenyewe. Mpigaji mwenye vidole vizima hubana nyuzi zote sita, akapata sauti nyingi zenye kuingiliana; Iommi, ambaye vidole vyake viwili havikuweza kutandazwa kwa urahisi, alipendelea kupiga sauti mbili tu kwa pamoja, sauti ya msingi na ya tano yake, juu ya nyuzi nene. Sauti mbili hizo zikipita katika amplifaya iliyofunguliwa hata ikaanza kukwaruza, hujaza chumba zaidi kuliko sauti sita zilizo safi, kwa sababu mkwaruzo huzaa sauti nyingine ndani yake. Ilhali sauti nyingi zikikwaruzwa pamoja hugeuka ghasia. Wapigaji wengine walilijua jambo hilo kabla yake, lakini kwao lilikuwa pambo moja kati ya mapambo mengi, na kwake likawa msingi wa nyumba.

Mwaka 1968 alipiga na kundi la Mythology katika mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na mpiga ngoma Bill Ward wa Aston. Kundi hilo lilipovunjika, wawili hao walirudi nyumbani wakitafuta mwimbaji, wakaona tangazo katika duka la muziki la mtu aliyedai kuwa na vipaza sauti vyake mwenyewe. Walipobisha mlango aliyetokea alikuwa John Osbourne, yule wa darasa la nyuma, ambaye sasa alijiita Ozzy. Iommi akataka kuondoka pale pale, akisema anamjua mtu huyo na hajui kuimba. Siku chache zikabadili shauri. Pamoja na Terence Butler, aliyeitwa Geezer na kupiga gitaa la besi, na wenzao wawili wengine, wakaunda kundi la watu sita, ambalo punde likapunguzwa kuwa la watu wanne na kuitwa Earth. Walipiga bluzi katika baa za mji, na hasa katika klabu ya Henry's Blues House, iliyokuwa juu ya baa ya The Crown karibu na stesheni kuu.

Mwishoni mwa mwaka huo, kundi la Jethro Tull lililokuwa limekwisha kupata jina lilimwita Iommi ajiunge nalo, akakubali, hata akaonekana nalo mwezi Desemba katika filamu ya Rolling Stones iliyopigwa London. Alikaa muda mfupi sana. Hakupenda kuwa mwajiriwa wa kundi ambalo lilikuwa la kiongozi mmoja, naye akarudi kwa wenziwe wa Aston. Lakini hakurudi mikono mitupu, kwa sababu alikuwa ameona jinsi watu wa Jethro Tull walivyoikabili kazi yao, wakifika asubuhi mapema na kufanya mazoezi kama wafanyakazi wa kiwanda wanaopiga saa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewaamsha wenzake, akiwazungukia kwa gari nyumba kwa nyumba ili saa tatu ya asubuhi wawe mazoezini. Wanaodhani kwamba muziki huo ulizaliwa na ulevi na uvivu hawajui habari ya asubuhi hizo.

Mwaka 1969 walibadili jina, kwani palikuwa na kundi jingine lililoitwa Earth, wakachagua Black Sabbath, jina la filamu ya kutisha ya Mario Bava iliyotoka mwaka 1963. Inasimuliwa kwamba jumba la sinema lilikuwa mbele ya mahali pao pa mazoezi, wakastaajabu kuona watu wakitoa fedha ili watishwe. Siku hizo Butler alikuwa akipenda muziki wa Gustav Holst uitwao The Planets, hasa sehemu ya sayari ya Mars, naye siku moja alikuwa akijaribu kuupiga kwa besi. Kesho yake Iommi akaja na sauti tatu za polepole, ya kwanza ya msingi, ya pili ikiwa ya nane yake, juu, na ya tatu ikiangukia nafasi ambayo wanachuoni wa zamani wa muziki wa Ulaya waliihadhari kwa kuwa haitulizi sikio, wakainasibisha na shetani. Iommi hakusoma vitabu hivyo. Aliisikia sauti hiyo ikisimamisha nywele, akaitumia.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja ya mwezi Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, chini ya Rodger Bain, nao wakapiga kama walivyopiga katika klabu, bila ya kurudiarudia. Kazi ilipoanza, kifaa kinasacho mtikisiko wa nyuzi katika gitaa lake la Fender kikaharibika, na Iommi akachukua gitaa la akiba, Gibson SG, akamaliza nalo. Gitaa hilo likawa umbo lake la kudumu. Albamu ilitoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, ikapanda hata nafasi ya nane nchini Uingereza. Wahakiki waliipokea kwa dhihaka, na huko Marekani Lester Bangs aliikemea katika gazeti la Rolling Stone. Lakini vijana wa miji ya viwanda, pande zote mbili za Atlantiki, hawakungoja idhini ya wahakiki.

Yafaa hapa kuwataja mafundi waliomzunguka, kwa sababu historia za muziki aghalabu huwasahau. Amplifaya zake ziliundwa na Lyndon Laney, kijana wa Birmingham aliyeanza kazi hiyo mwaka 1967. Alipotaka gitaa lenye vidato 24 badala ya 22, ili apate sauti za juu zaidi, na makampuni makubwa yakamwambia haiwezekani, mafundi wa mjini kwake, John Birch na baadaye John Diggins, waliliunda kwa mikono yao. Hata misalaba waliyovaa shingoni, ambayo watu wacha Mungu waliiogopa wakidhani ni ya uchawi, ilikatwa kwa aluminiamu na baba yake Ozzy, aliyekuwa fundi wa vifaa kiwandani, kusudi iwalinde watoto wake hao na shari. Mtu akihesabu waliochangia sauti ile, ataona karakana nyingi zaidi ya studio.

Katika mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1970 ilitoka albamu ya pili, Paranoid, iliyofika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Wimbo ulioipa jina haukuwamo katika mpango. Mtayarishaji aliona albamu ni fupi, akataka kitu cha kujazia, na Iommi, wenzake wakiwa wamekwenda kula, akatunga mahadhi yake kwa dakika chache. Albamu ilikuwa iitwe War Pigs, kwa wimbo wake wa kwanza uliowashutumu wakubwa wapelekao maskini vitani, wakati vita vya Vietnam vikipamba moto. Hapo ndipo inapodhihiri kwamba kundi lililotuhumiwa kumwabudu Ibilisi lilikuwa likisema habari za vita, dhuluma na hofu, mambo ambayo vijana wa Aston waliyajua pasipo kusomewa.

Mwaka 1971, katika albamu ya Master of Reality, Iommi aliteremsha nyuzi zake nusu hatua tatu chini ya kipimo cha kawaida, na Butler akaiteremsha besi pamoja naye. Sababu ya kwanza ilikuwa ya mwili: uzi uliolegezwa hubanika kwa nguvu kidogo, na vidole vyenye kastabini hupumzika. Lakini uzi uliolegezwa pia hutoa sauti nzito, yenye kutetema, mfano wa nyimbo za Children of the Grave na Into the Void, na kila aliyezisikia alitambua kwamba roki imeshuka mahali ambapo haijafika. Mtu aliyetafuta nafuu ya maumivu alikuwa amepata rangi mpya ya sauti, naye alikuwa na akili ya kuitambua alipoipata.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya utajiri na ya uharibifu. Fedha ziliingia na kutoka katika mikono ya mameneja, kokeni ikaingia katika nyumba walizokodi Los Angeles, na ilipofika 1973 Iommi akakosa la kutunga, jambo lisilopata kumtokea. Wakahamia kasri ya Clearwell, katika wilaya ya Gloucestershire, na huko, katika chumba cha chini ya ardhi, akayapata mahadhi ya Sabbath Bloody Sabbath. Albamu ya Sabotage, ya mwaka 1975, ilitengenezwa wakati mawakili wakiingia studio na hati za kesi. Mwaka 1979 Ozzy alifukuzwa kwa sababu ya ulevi uliomshinda, na watu wakatazamia kwamba kundi limekufa.

Halikufa, kwa kuwa Iommi hakuliachia. Alimleta Ronnie James Dio, Mmarekani mfupi wa kimo na mkubwa wa sauti, na albamu ya Heaven and Hell ya mwaka 1980 ikawapa uhai wa pili. Dio alipoondoka mwaka 1982 akaja Ian Gillan wa Deep Purple, kisha Glenn Hughes, kisha Tony Martin wa hapo hapo Birmingham. Mwaka 1986 Iommi alitengeneza albamu aliyoikusudia iwe yake peke yake, Seventh Star, na kampuni ikaitoa kwa jina la kundi, maana jina ndilo lililokuwa na soko. Katika Headless Cross ya mwaka 1989 alipigiwa gitaa katika wimbo mmoja na rafiki yake Brian May wa Queen. Katika miaka yote hiyo waimbaji, wapiga besi na wapiga ngoma walikuja na kwenda. Aliyebaki tangu albamu ya kwanza hata ya mwisho bila ya kukosa hata moja ni mpiga gitaa. Zama hizo ziliuza kidogo na kuchekwa sana, lakini bila ya ung'ang'anizi wake lisingalikuwapo kundi la kurudiwa.

Wakati huo mbegu ilikuwa imekwisha kuota kwingine. Judas Priest, waliotoka viungani mwa Birmingham, waliuchukua uzito huo wakauongezea kasi, na albamu yao ya mwaka 1980 wakaiita British Steel. Huko California Metallica walijifunza kwa kuzisikiliza santuri za Black Sabbath, na mwaka 2006 ndio waliowaingiza rasmi katika jumba la heshima la roki la Marekani. Katika Afrika taathira yake ilionekana Zambia, nchi ya migodi ya shaba, ambako miaka ya 1970 vijana, katika makundi kama WITCH na Ngozi Family, walichanganya gitaa hilo la kukwaruza na nyimbo za kwao, wakazaa muziki uliokuja kuitwa Zamrock. Si ajabu kwamba watu wa shaba waliwafahamu upesi watu wa chuma.

Wanne wa asili walirudiana mwaka 1997, wakapiga Birmingham mwezi Desemba, na rekodi ya maonyesho hayo ikawapa tuzo ya Grammy mwaka 2000 kwa wimbo wa Iron Man. Mwishoni mwa 2011 walitangaza albamu mpya, na Januari 2012 Iommi akaambiwa kwamba ana saratani ya tezi za limfu. Wenzake walihamia Uingereza ili waendelee na kazi ya albamu karibu na hospitali yake, safari za maonyesho zikapangwa kufuata ratiba ya matibabu, na albamu iitwayo 13 ilipotoka Juni 2013 ikafika nafasi ya kwanza Uingereza, karibu miaka 43 baada ya Paranoid, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ikaongoza Marekani pia. Tarehe 4 Februari 2017 walifunga safari zao katika mji wao, na tarehe 5 Julai 2025 wanne hao, Bill Ward akiwamo, walipiga pamoja mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, ndani ya mtaa wa Aston. Ozzy akafariki tarehe 22 ya mwezi huo.

Mji wenyewe ulichelewa kumtambua mwanawe. Kwa miaka mingi wakubwa wa Birmingham waliona haya ya muziki huu. Sasa kuna daraja lenye jina la kundi katika Broad Street, Birmingham Royal Ballet iliucheza mwaka 2023, na mwaka 2025 wanne hao walipewa uhuru wa mji, heshima wapewayo watu wachache. Lakini hukumu iliyo ya haki zaidi imetolewa na wapigaji wenzake. Leo vijana wasiohesabika, kuanzia Finland hata Brazil na Nairobi, hulegeza nyuzi zao hata chini ya pale alipozilegeza Iommi, hufunga nyuzi nyembamba na kupiga sauti mbili palipotarajiwa sita, nao vidole vyao kumi ni vizima, wala wengi wao hawajui kwamba kwa Iommi kila moja ya desturi hizo ilianza kama dawa ya mkono uliokatwa na mashine mwaka 1965. Hivyo ndivyo kanuni za ufundi zinavyozaliwa: mtu mmoja hutafuta njia ya kuendelea na kazi yake, njia inafaa, wengine wanaifuata, na sababu inasahauliwa, na ndiyo maana tarehe ya fundi huandikwa, ili atakayeifuata njia ajue ilikatwa na nani, na kwa shida gani.